Yusuf bin Hassan, au Dom Jerónimo Chingulia: tuisome upya habari ya mfalme Mkatoliki wa Mombasa

Mwanzisha uzi

Wanajamvi, assalaam aleikum, na Tumsifu Yesu Kristo. Nimetanguliza salamu zote mbili kwa makusudi, kwa sababu mtu ninayetaka tumjadili aliwahi kuitikia zote mbili, na kwa karibu miaka 400 watu wamekuwa wakibishana ni ipi aliyoiitikia kwa moyo.

Nitauweka msimamo wangu wazi mapema ili anayetaka kunipinga ajue pa kunishika. Kisa cha Yusuf bin Hassan kimezoea kuanziwa mahali pasipo pake. Wareno walikianzia jioni ya tarehe 15 Agosti 1631, alipomchoma kisu kapteni wa Fort Jesus, ngome ya Wareno ya Mombasa, kwa hiyo wakamwandika mhaini na mwasi wa imani. Vitabu vya historia tulivyosomeshwa navyo vilikianzia jioni ileile, vikamwona mmoja wa mashujaa wa mwanzo wa kuwapinga wageni katika pwani yetu. Mimi nasema kisa kinaanzia kwenye mapato ya forodha na kwenye kichwa cha baba yake, miaka 17 kabla ya kisu hicho, na kwamba asiyeyaweka mambo hayo mawili mbele hawezi kuielewa dini ya mtu huyu wala ghadhabu yake.

Tuanze Malindi. Vasco da Gama alipofika mwaka 1498 alikuta Mombasa haimtaki, ila Malindi ikampokea vizuri na kumpatia rubani wa kumvusha hadi Bara Hindi. Urafiki huo haukuwa wa mapenzi. Malindi na Mombasa walikuwa mahasimu wa zamani, na mtawala wa Malindi aliona katika zile merikebu zenye mizinga njia ya kumpunguza jirani yake. Nyumba yake ilisubiri miaka karibu 100 kabla ya kuyaona matunda. Mwaka 1593 Wareno walianza kujenga Fort Jesus juu ya mwamba wa matumbawe, kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, na katika miaka hiyohiyo wakamhamisha Sheikh Ahmad wa Malindi wakamweka kuwa mfalme wa Mombasa. Miongoni mwa ahadi alizopewa ilikuwamo theluthi moja ya ushuru wa forodha ya mji.

Theluthi hiyo ndiyo mzizi wa fitina. Kapteni wa ngome alikuwa mtu aliyeteuliwa kwa muhula wa miaka mitatu, akijua kwamba ndani ya miaka hiyo ni lazima arudishe alichotumia kuipata kazi na apate cha kuondokea. Pembe za ndovu, nguo za Kambaya, kaharabu, nafaka ya Pemba, vyote vilipita mikononi mwake. Fungu la mfalme, basi, lilihesabika kama fedha iliyotoka mfukoni mwa kapteni. Mfalme alikuwa na hati, naye kapteni alikuwa na mizinga.

Sheikh Ahmad alifariki mwaka 1609, akarithiwa na mwanawe Hassan. Huyu hakuwa mtu wa kunyamaza. Aligombana na makapteni kuhusu mapato na kuhusu Pemba, akapeleka malalamiko yake Goa, ambako ndiko yalikokuwa makao makuu ya Wareno katika bahari yote hii, nao makapteni wakapeleka ya kwao wakimtuhumu kwamba anapanga uasi. Mwaka 1614 mambo yaliharibika kabisa, Hassan akavuka kwenda bara kutafuta hifadhi kwa Wanyika, ambao katika maandishi ya Kireno wanaitwa Musungulos. Wareno waliwahonga wenyeji wake, akauawa kule alikokimbilia. Kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Goa.

Mwanawe Yusuf alikuwa na umri upatao miaka saba. Naye alipelekwa Goa, kwenye mji uleule kilikokwenda kichwa cha baba yake.

Hapo ndipo anapozaliwa Dom Jerónimo Chingulia. Mtoto alilelewa na mapadre wa Shirika la Mtakatifu Augustino, akafundishwa kusoma, akabatizwa, akapewa jina la Jerónimo. Alipokuwa kijana alitumika katika merikebu za Wareno na akajifunza kazi ya mizinga. Naomba tukumbuke jambo hilo, maana lilikuja kuwagharimu waliomfundisha. Alimwoa Mkristo wa huko Goa aitwaye Dona Isabel Varela. Alivikwa nishani ya Shirika la Kristo, ambalo si shirika la mchezo: lilianzishwa Ureno mwaka 1319 kuwarithi wale wapiganaji wa Hekalu waliovunjwa na Papa, na msalaba wake mwekundu ndio uliokuwa ukichorwa kwenye matanga ya merikebu zilizokuja pwani kwetu. Mwaka 1626 alitambuliwa rasmi kuwa mfalme wa Mombasa, Malindi na Pemba. Makamu wa mfalme aliyeketi Goa mwaka huo alikuwa Francisco da Gama, kitukuu cha yuleyule Vasco da Gama. Kwa hiyo kitukuu cha mgeni wa Malindi ndiye aliyekuwa na mamlaka juu ya mrithi wa kiti cha Malindi.

Tazameni basi cheo cha mtu huyu kilivyokaa. Kwa hesabu ya Lisbon alikuwa mtukufu wa Kikatoliki: mfalme aliyetambuliwa rasmi, mwenye nishani, mwenye haki ya kuitwa Dom, jina la heshima la Kireno. Kwa hesabu ya kapteni Pedro Leitão de Gamboa, aliyekuwa ngomeni, alikuwa mtoto wa yule Mwarabu mwasi, anayedai theluthi. Kwa hesabu ya Waislamu wa Mvita, ambao ndio raia zake, alikuwa mtu aliyetoka kwao akiwa mdogo akarudishwa na msalaba kifuani. Watu watatu walimtazama mtu mmoja, na hakuna kati yao aliyemwona mfalme.

Kilichofuata kinajulikana kwa sehemu kubwa. Kapteni aliletewa habari kwamba Dom Jerónimo ameonekana usiku kwenye kaburi la baba yake akisali kwa taratibu za Kiislamu. Kwa mtu aliyebatizwa hilo halikuwa kosa dogo. Tangu mwaka 1560 Goa ilikuwa na Inkwizisheni, mahakama ya Kanisa ya kuwasaka waliobatizwa wakarudi walikotoka, na hukumu yake ingeweza kufika kwenye moto. Kapteni aliazimia kumkamata na kumsafirisha. Mfalme akapata fununu.

Tarehe 15 Agosti ni Sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria. Jioni hiyo ya mwaka 1631 aliingia ngomeni na wafuasi wake kama mtu aliyekuja kumtembelea kapteni. Nadhani hakuna mlinzi aliyeona ajabu; nani amzuie mfalme Mkristo kuingia ngome ya Wakristo siku ya sikukuu? Alimchoma kapteni kwa mkono wake mwenyewe. Watu wake wakaishika ngome, nyumba za Wareno zilizokuwa nje zikatiwa moto, na waliookoka wakakimbilia nyumba ya watawa wa Mtakatifu Augustino mjini. Walishikilia kwa siku chache, kisha wakajitoa. Wakatakiwa wasilimu, wakakataa, wakauawa. Wareno waliokufa, wanaume, wanawake na watoto, walifika kama 150.

Goa ilituma majeshi ya majini chini ya Francisco de Moura. Yalifika Januari 1632, yakaizingira ngome kwa miezi miwili, yakashindwa. Aliyekuwa akiwapiga kutoka juu ya kuta alikuwa mwanafunzi wao wenyewe wa mizinga. Lakini Yusuf, ambaye sasa alikuwa amelirudia jina lake, alijua kwamba watarudi na kwamba mji peke yake hautaweza. Mwezi Mei alibomoa alichoweza kubomoa, akapakia mizinga katika merikebu aliyoiteka kwa Wareno, akatweka kuelekea Uarabuni. Wareno walipotia mguu tena Mombasa mwezi Agosti walikuta ngome imeachwa. Yeye aliendelea kuwasumbua baharini kwa miaka kadhaa, akifika hadi Visiwa vya Ngazija na Bukini (Madagaska), na akafia Jeddah mwaka 1638.

Hayo ndiyo maisha yake. Sifa yake ndiyo ninayotaka tuijadili.

Mchangiaji wa pili

Kaka mwanzisha uzi, nakupongeza kwa kazi uliyoifanya, na nakuandikia nikiwa Mkatoliki wa Mombasa ambaye parokiani kwetu wafiadini wa 1631 hutajwa. Nina lawama moja nayo ni nzito. Habari ya forodha umeipa aya nzima, habari ya kichwa cha Sultani Hassan umeipa aya nzima, lakini watu 150 umewapitisha kwa sentensi mbili. Tena umewaita Wareno.

Wote hawakuwa Wareno. Miongoni mwa waliotakiwa kuikana imani yao walikuwamo Wakristo weusi wa pwani hii, watu waliobatizwa hapahapa, wasio na merikebu ya kuwarudisha Lisbon. Alikuwamo Dom António, jamaa wa mfalme mwenyewe kutoka ukoo wa Malindi, binamu yake, ambaye angeweza kuokoka kwa neno moja na hakulisema. Wengine wengi walifungwa na kupelekwa Uarabuni kuuzwa utumwani. Hao hawakula theluthi ya mtu. Hawakumwua Sultani Hassan. Ukiwaeleza wote kwa neno moja la Wareno, unamsaidia muuaji kuifuta damu.

Wala sikubaliani kwamba dhuluma aliyotendewa mtoto wa miaka saba inaeleza kila kitu atakachokifanya akiwa mtu wa miaka 24. Kapteni alimdhulumu, sawa. Watoto waliokuwa ndani ya nyumba ya watawa walimdhulumu nini?

Mwanzisha uzi

Dada yangu, umenishika mahali pa haki na ninakubali. Nilipoandika Wareno nilifuata hesabu iliyozoeleka, ambayo huwahesabu kwanza watu wa Ulaya, na wenyeji huachwa pembeni bila idadi wala majina. Ni kosa lilelile ninalowalaumu nalo waandishi wa zamani, nami nimelirudia. Dom António wa Malindi alistahili kuwamo katika andiko la kwanza, kwa sababu yeye ndiye anayeuvunja ule usemi mwepesi kwamba vita hii ilikuwa ya weusi na weupe, au ya wenyeji na wageni. Nyumba moja ya kifalme ilitoa muuaji na mfiadini.

Mauaji ya wale waliokwisha kujitoa siyatetei. Kumwua kapteni aliyekuwa tayari kukufunga ni jambo moja. Kuwaua watu waliotoka mafichoni mikono mitupu ni jambo jingine, na hata kwa desturi za vita za zama zile watu walijua tofauti yake. Kwa swali lako kuhusu watoto sina jibu la kumwokoa nalo, na sitalitafuta.

Hata hivyo naomba nikuoneshe jambo kuhusu ushahidi tulio nao, kwa sababu ndilo linalonifanya nishikilie habari ya forodha. Karibu kila tunachojua kuhusu siku zile kinatokana na maelezo ya waliookoka, yaliyochukuliwa kwa kiapo huko Goa mwaka 1632. Aliyeyachukua ni Kanisa, na kusudi lake lilikuwa kuthibitisha kwamba waliouawa walikufa kwa ajili ya imani, ili siku moja waweze kutangazwa wafiadini. Kusudi hilo lilikuwa halali kabisa. Lakini shahidi hujibu anachoulizwa. Aliulizwa kama marehemu alitakiwa kuikana dini, kama alikataa, alitamka nini, aliuawa vipi. Hakuulizwa mfalme alikuwa akimdai kapteni nini. Kwa hiyo tukiyasoma maelezo yale tunaona chuki ya dini tupu, na si kwa sababu mashahidi walisema uongo, bali kwa sababu mlango uliofunguliwa kwao ulikuwa ule mmoja.

Malalamiko ya Hassan, kwa upande wake, yamo katika barua za serikali, ambako hakuna aliyeulizwa habari za roho. Ukisoma upande mmoja peke yake unampata murtadi. Ukisoma upande wa pili peke yake unampata mdai wa ushuru. Mtu mwenyewe alikuwa na vyote viwili, na alikuwa na baba asiye na kichwa.

Mchangiaji wa tatu

Mwanangu, mimi ni mtu mzima wa Mji wa Kale na nimeisikia habari hii kwa wazee wangu kabla sijaiona kitabuni. Naona mnazunguka sana. Mtoto wa miaka saba alichukuliwa kwa nguvu, akatiwa maji kichwani na watu waliomwua baba yake, akapewa jina lisilokuwa lake. Ubatizo huo ni ubatizo gani? Alikuwa Mwislamu siku zote, akaificha imani yake mpaka siku aliyoweza kuidhihirisha. Aliyelazimishwa halaumiwi. Ndivyo tulivyosomeshwa.

Mwanzisha uzi

Shikamoo mzee wangu. Nashukuru kwa kuingia jamvini.

Kuhusu kulazimishwa, nakubaliana nawe bila kusita: mtoto yatima aliyeko mikononi mwa waliomfanya yatima hana hiari ya kuzungumzia. Lakini naona ugumu katika neno siku zote. Goa hakukaa mwaka mmoja wala miwili. Alikaa utoto wote na ujana wote, katika nyumba ambamo kengele ilimwamsha, ambamo alijifunza kusoma kwa sala, ambamo waliomlisha walikuwa mapadre walewale. Alioa huko. Alipigana vita vya watu wale akiwa juu ya merikebu zao. Mwaka 1627, alipokwisha kutambuliwa kuwa mfalme, alimwandikia Papa, ambaye wakati huo alikuwa Urban VIII, barua ya kuungama utii wake. Inawezekana barua hiyo ilikuwa ya siasa, maana mfalme anayedharauliwa na kapteni ana sababu ya kumtafuta mkubwa aliye juu ya kapteni. Lakini inawezekana pia kwamba aliyeiandika aliiamini. Kijana wa miaka 20 aliyelelewa hivyo angewezaje kutoiamini hata kidogo?

Mimi huwa narudi kwenye lile kaburi. Aliyepeleka habari kwa kapteni aliona Mkristo anayesali Kiislamu, akakiita uasi wa imani. Wewe, mzee wangu, unaona Mwislamu aliyejificha ambaye hatimaye ameonekana. Nami naona mtoto. Mtoto wa kiume aliyerudi kwao baada ya miaka mingi anapelekwa kuoneshwa kaburi la mzazi wake, na anajua kwamba hakuwapo siku ya maziko. Ana deni la dua. Atamwombea kwa maneno gani? Baba yake aliishi na kufa Mwislamu. Kumsomea kwa Kilatini kungekuwa kumwombea kwa lugha ya watu waliompokea akiwa kichwa ndani ya chombo. Naamini kwamba alifungua mikono na kusema maneno ambayo baba yake angeyaelewa, na kwamba usiku ule huenda yeye mwenyewe hakuwa na haja ya kujiuliza ni wa dini gani. Waliomlazimisha kujiuliza ni wale waliomchungulia.

Baada ya hapo ndipo alipochagua, maana aliachiwa njia mbili tu: Inkwizisheni au kisu.

Siwezi kuthibitisha kilichokuwa moyoni mwake, mzee wangu, na wala Inkwizisheni isingeweza, pamoja na vyombo vyake vyote vya mateso. Ninachoweza kuthibitisha ni kwamba hakuna aliyewahi kumpa nafasi ya kuwa Mkatoliki na mwana wa Hassan kwa wakati mmoja.

Mchangiaji wa nne

Wakuu, nimefuatilia uzi huu toka juu. Nina jambo dogo kuhusu kilichowapata watu wa pwani baada yake, kwa sababu sifa ya mtu hujengwa pia na wale waliolipa gharama ya alichofanya.

Wareno waliporudi hawakumweka tena mfalme Mombasa. Nyumba ya Malindi, iliyowakaribisha tangu 1498, ikaishia hapo kama nyumba ya utawala. Miji iliyomuunga mkono, au iliyoshukiwa tu, iliandamwa moja baada ya nyingine. Wapemba walioshika madaraka waliuawa. Kuta za miji ya kaskazini zilibomolewa. Ndiyo maana nasema kwamba babu zetu wengi huenda hawakumkumbuka kama shujaa wala kama mhaini. Walimkumbuka kama mtu aliyepakia mizinga akaondoka, nao wakabaki.

Pamoja na hayo, naona alivunja kitu ambacho hakikuungika tena. Ngome ile Wareno walijenga wakiiona kuwa haishikiki, na mtu mmoja aliishika kwa jioni moja, tena kwa kupita mlangoni. Habari kama hiyo husafiri. Waomani walipoizingira kuanzia Machi 1696 mpaka wakaingia Desemba 1698, watu wa pwani walikuwa tayari wanajua kwamba linawezekana. Mwanzisha uzi, je, pale ngomeni pana chochote kinachomtaja? Nilikwenda nikiwa mwanafunzi na sikumbuki kuoneshwa.

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, hoja yako ya waliobaki imenigusa, na naona inakaa vizuri pamoja na ile ya dada. Kuondoka kwake Mei 1632 huwa kunasifiwa kama ujanja wa vita, na kwa upande wake ulikuwa ujanja kweli. Kwa Mpemba aliyeachwa na deni la uasi halikuwa jambo la kusifu.

Nakujibu swali lako. Kinachomtaja kipo, na kila anayeingia Fort Jesus hupita chini yake. Juu ya lango kuu pana bamba la jiwe lenye maandishi ya Kireno. Nimesimama chini yake mara nyingi, jua likiwa limelala upande ili herufi zitoe kivuli zisomeke, maana upepo wa chumvi umekwisha kula kingo zake. Aliyeamuru lichongwe ni Francisco de Seixas de Cabreira, aliyefanywa kapteni mkuu wa ngome mwaka 1635, na jiwe linakumbuka kututajia kwamba alikuwa na umri wa miaka 27. Linasema aliijenga upya ngome na kuongeza chumba cha walinzi. Linasema aliirudisha chini ya mfalme wa Ureno pwani aliyoikuta imeasi kwa ajili ya mfalme dhalimu. Linawataja watawala aliowatoza kodi, wakiwamo wa Manda na Luziwa. Linajisifu kwamba aliwaadhibu Pate na Siyu kwa mkono wake mpaka kuta za miji yao zikaangushwa, kwamba aliwaadhibu Musungulos, na kwamba Pemba aliwaua viongozi walioasi kwa uamuzi wake mwenyewe. Hayo uliyotueleza kuhusu gharama waliyolipa watu wa pwani yamechongwa pale, na aliyeyachonga aliyaona kuwa fahari.

Kisha linaorodhesha zawadi alizopewa Cabreira kwa utumishi huo na mwingineo. Miongoni mwake imo nishani ya Shirika la Kristo, nishani ileile aliyovikwa Dom Jerónimo Chingulia.

Neno dhalimu limeandikwa kwa ukamilifu na bado linasomeka. Jina lake, la ubatizo wala la baba yake, halimo.